Kupanda Wundanyi kwa Baiskeli



Wasomaji wetu watukufu, safari ambazo tumezoea kusimuliana ni za Umra, au za kwenda Lamu kwa Maulidi, au za harusi za jamaa zetu wa Malindi na Tanga. Hii ni ya baiskeli. Tunaiandika kwa sababu tangu turudi tumeulizwa maswali mengi, mengine kwa upole na mengine kwa ukali. Tena ndani yake mna kosa letu, na ni afadhali mlisikie kutoka vinywani mwetu kuliko kulisikia barazani.

Tulikuwa watu kumi na mmoja wa familia nne za Mombasa: wanawake sita, wanaume wanne, na binti mmoja wa miaka kumi na mitano. Hapakuwa na mwanamke aliyetoka bila mumewe au maharimu wake, na hilo tulilipanga kabla ya kupanga jambo jingine lolote. Aliyetutangulia kwa umri ni yule ambaye sote humwita Mamkubwa, ingawa ni mamkubwa wa kweli kwa wawili tu miongoni mwetu. Ana miaka hamsini na minane, na kisukari amekaa nacho mwaka wa tisa sasa. Daktari wake alimruhusu kwa masharti, na masharti hayo tuliyasikia sote kwa masikio yetu: ale kabla ya kutoka, apime sukari yake njiani, wala asiachane na kitu kitamu hata dakika moja. Yakumbukeni masharti hayo, kwani ndiyo yatakayotuaibisha mbele.

Mji wetu ni tambarare. Mlima mkubwa tuliokuwa tukiujua kwa miguu yetu ni ule wa kupandia daraja la Nyali, na hata huo wengine wetu tuliupanda mara ya kwanza tukikokota baiskeli kwa mkono. Kwa miezi mitatu tulikutana barabara ya Mama Ngina baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya watu wa mihogo na madafu kupanga vitu vyao. Walinzi walituzoea. Mzee mmoja mvuvi, kila tulipompita, alikuwa akigeuza uso upande wa bahari. Hatukujua kama ni kwa staha au kwa kuchukizwa, nasi hatukumuuliza.

Swali tulilopata zaidi kutoka kwa akina mama ni la mavazi, basi tulijibu hapa. Baibui refu halifai juu ya baiskeli, si kwa sababu ya sitara bali kwa sababu ya cheni. Mwenzetu mmoja alivutwa upindo akaangukia ubavu siku ya pili ya mazoezi, akapasua baibui na goti pamoja. Tulichoafikiana ni suruali pana iliyobanwa kifundoni, juu yake gauni pana lisilobana lenye kufika chini ya magoti, na mtandio wa pamba mwepesi uliobanwa vizuri ndani ya helmeti. Mtandio wa hariri huteleza. Baiskeli iwe na kifuniko cha cheni, na kiti kiwe chini kiasi cha kuweza kukanyaga ardhi unaposimama. Fundi wetu wa mtaani alizifunga gia nyepesi za nyuma baiskeli zote nne zilizokuwa hazina, na pasi na hizo gia tusingelifika popote.

Kwa nini milima ya Taita? Jibu liko jikoni. Kabichi, nyanya na sukumawiki nyingi tunazonunua Kongowea hushushwa kutoka milima hiyo kwa malori usiku. Tumekula jasho la watu hao maisha yetu yote bila kupanda kuwaona.

Siku ya Jumamosi, katika likizo ya mwezi wa Agosti, wengi wetu tulipanda treni ya asubuhi, ile isimamayo Mariakani, Miasenyi na Voi. Baiskeli zilitangulia kwa pikapu iliyoendeshwa na mtoto wa Mamkubwa. Reli hupita juu ya tuta refu la udongo, na chini yake mumeachwa mapito mapana ya ndovu wa Tsavo. Binti yetu alikaa dirishani safari nzima akiwatafuta, asimwone hata mmoja. Voi tukalala. Kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 140 kutoka nyumbani, nasi hatukunuia kukaa siku nyingi, tulisali kama wasafiri, Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili.

Jumapili tulingoja jua litoke kabisa ndipo tukaondoka, kwa kuwa ndovu hukatiza barabara ile alfajiri na magharibi. Kutoka Voi hadi Mwatate ni kiasi cha kilomita 25 za lami nzuri, nchi kavu ya michongoma na vumbi jekundu, kisha mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yachoke. Kando ya njia hiyo pia hupita reli ya zamani ya kwenda Taveta, ambayo Waingereza waliijenga kwa haraka wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili wapeleke askari kupigana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Hatukukawia hapo. Milima ilikuwa mbele yetu, buluu, imevaa ukungu kama kilemba.

Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi kama mita 1,400. Sehemu kubwa ya kimo hicho hupandwa katika kilomita 15 hivi za mwisho, baada ya kuiacha Mwatate. Hapo barabara hujikunja, hurudi ilikotoka, hujikunja tena. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde lenye migomba, na paa za mabati ulizozipita dakika kumi nyuma zi chini ya miguu yako.

Miongoni mwetu yumo mwalimu wa madrasa. Pale chini, tukinywa maji, alitukumbusha hadithi ya Jabir bin Abdillah iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kuwa masahaba walikuwa wakileta takbira wapandapo na tasbihi washukapo. Tukafurahi sana. Tukaafikiana kuwa aliye mbele, kila afikapo kwenye kona, ainue takbira, na walio nyuma waitikie mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Na ikawa hivyo. Watoto walitoka majumbani kutusikiliza. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliinua jembe akatupungia.

Kwenye kona tatu nne za mwanzo tulikuwa kundi moja. Kisha, kama ijulikanavyo kwa kila aliyepanda mlima, miguu ikaanza kubagua. Wenye nguvu hawawezi kwenda polepole bila kuchoka zaidi, au ndivyo tulivyojidanganya. Pikapu ilikuwa imekwisha kutangulia Wundanyi kuweka nyumba sawa na kupika wali. Ndani ya pikapu, katika mfuko wa kiti cha mbele, mlikuwa na kifuko cha tende cha Mamkubwa pamoja na kipimo chake cha sukari. Alikivua Mwatate kwa kuwa kilikuwa kikimpiga kiunoni, na sisi tulimwona akikivua.

Kwenye kona fulani takbira iliinuliwa, ikaitikiwa, na sauti ya mwisho haikuja. Sauti ya Mamkubwa ni nzito, nayo huchelewa kidogo, huwezi kuichanganya na nyingine. Tulisema: amekosa pumzi, ataitika kona ijayo. Kona ya pili haikuja. Tulisema: upepo. Ndugu wasomaji, tulizikata kona mbili nzima tukisema hivyo, na miongoni mwetu alikuwamo binti yake wa kumzaa, ambaye ametuomba tuliandike hilo pia. Aliyegeuza baiskeli ni yule wa miaka kumi na mitano. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Tulimwona tu akishuka kwa kasi, mtandio umemvimba mgongoni, nasi tukaona haya tukamfuata.

Tulimkuta Mamkubwa amekaa kwenye ukingo wa daraja dogo la maji ya mvua, baiskeli imelala ubavuni. Hewa ilikuwa baridi, lakini uso wake ulikuwa ukitiririka jasho. Mikono ilimtetemeka. Alipotuona alituuliza kama mumewe amefunga mlango wa uani. Mumewe alifariki mwaka 2016.

Kando yake alikuwapo mama mmoja wa Kitaita, mkungu wa ndizi mbivu miguuni pake, amemshika Mamkubwa mabega kama mtu amshikavyo mtoto. Alikuwa amekwisha kummenyea ndizi moja na alikuwa akimlisha ya pili kwa vipande. Alitusalimu kwa Kidawida, kisha akageukia Kiswahili: “Ameishiwa sukari huyu. Mume wangu ni hivyo hivyo. Mtoto amekwenda kuleta chai.” Hakutuuliza tulikuwa wapi. Chai ilikuja katika kikombe cha bati, nyeusi, tamu kupita kiasi, na Mamkubwa akainywa yote. Baada ya robo saa hivi jasho lilikauka, akatutazama mmoja mmoja, akarekebisha mtandio wake, akasema: “Mbona mmesimama kama mko matangani?”

Tuseme kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa hakuna nyumba ya pwani isiyo na mtu wa kisukari. Tumezoea kuogopa sukari kupanda. Kushuka kwake ndiko kunakoua upesi. Mamkubwa alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi, akanywa chai kavu kwa haraka ya kuondoka, kisha akafanya kazi ya miguu saa tatu. Vidonge vya aina ile huendelea kushusha sukari hata kama hujala, na misuli nayo huila. Dalili ni zile tulizoziona: jasho la baridi, kutetemeka, njaa, maneno yasiyoambatana. Hapo mgonjwa apewe kitu kitamu mara moja, tende, sukari katika maji au soda isiyo ya watu wa kisukari, angojewe kama dakika kumi na tano, apimwe, na kama bado, apewe tena. Akishapata nafuu ale chakula cha kukaa tumboni. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Yote haya tuliyajua. Yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ndani ya pikapu.

Mtoto wake alifika na gari baada ya kupigiwa simu, na ndipo ugomvi ulipoanza. Alitukaripia, haki yake. Kisha akamkaripia mama yake, akisema hapandi tena baiskeli safari hii wala maishani. Mamkubwa akamjibu: “Mwanangu, mimi sikuja huku kupandishwa kama gunia la kabichi.” Wakarushiana maneno pale kando ya njia hata yule mama wa ndizi akageuka kutazama bonde. Mwisho kipimo ndicho kilichoamua: sukari ilikuwa imerudi lakini si ya kutegemewa. Mamkubwa akaingia garini. Alijifunika uso kwa upande wa mtandio, na gari lilipoondoka hakututazama.

Tulimalizia mlima kwa kimya. Takbira hazikuinuliwa tena. Hapakuwa na aliyethubutu.

Wundanyi ni mji mdogo uliokaa kwenye tumbo la milima, maduka yamebanana, mikaratusi juu yake, na baridi ambayo sisi wa pwani twaiita ya barafu ingawa wenyeji walikuwa wamevaa shati tupu. Maji ya udhu yalituchoma mifupa. Baada ya Isha tulikaa sebuleni katika nyumba tuliyokodi, wali ukiwa umepoa kwenye sinia. Mwalimu wa madrasa ndiye aliyeanza. Alisema aliwafundisha watu hadithi moja ya safari akasahau ya pili, nayo imo katika Sunan ya Abu Daud, tena mpokezi wake ni yuleyule Jabir: kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasukuma wanyonge, akiwapakia nyuma yake na kuwaombea dua. Akanyamaza, maana alikuwa wa pili kutoka mbele siku ile.

Tukamwomba Mamkubwa radhi, mmoja mmoja, kuanzia binti yake. Alitusikiliza huku akichambua dengu kwenye ungo, kazi ambayo hakuna aliyemwomba aifanye. Akasema: “Radhi nimewapa. Lakini kesho mbele naenda mimi.”

Mpango wetu wa siku ya pili ulikuwa msitu wa Ngangao, kisha Vuria, kilele kikubwa kuliko vyote vya Taita, mita 2,208. Vuria hatukuiona. Mamkubwa alitangulia kweli, tumbo limeshiba uji na mayai, kifuko cha tende kimefungwa kifuani, akapanda kwa mwendo wake: dakika kumi juu ya kiti, dakika tano kwa miguu akiisukuma baiskeli, kisha kupima, kisha kusimama kuuliza jina la kila mmea. Hakuna aliyempita. Mume wa mmoja wetu, ambaye ndiye mwenye mapaja ya chuma, aliwekwa mwisho kabisa na pikapu nyuma yake. Alinung’unika mpaka saa nne, na hatutamsingizia kuwa alifurahi. Alikuwa ameitamani Vuria mwaka mzima.

Lakini kwa mwendo ule tuliona mengi. Tuliona mifereji ya kunyweshea mashamba, myembamba, iliyochongwa ubavuni mwa milima tangu zama za mababu, maji yakipita kwa ukimya kutoka shamba la huyu kwenda la yule. Tuliona matuta yaliyopandwa kabichi kwenye miteremko ambayo sisi tusingeliweza kusimama. Tulipofika Ngangao ukungu ulikuwa umeingia baina ya miti. Msitu wenyewe ni mdogo, mabaki tu ya misitu iliyofunika vilele hivi, na ndani yake wamo ndege ambao hawako popote duniani nje ya milima hii. Katika kilima cha jirani, Mbololo, huota maua ya urujuani ambayo ndugu zake hupandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Hatukuwaona ndege, tuliwasikia. Tulitandika miswala kwenye nyasi zenye umande ukingoni mwa msitu, tukaelekea kaskazini, tukasali. Mamkubwa alipoleta salamu alikaa muda mrefu kuliko sisi sote.

Siku ya tatu ilikuwa ya kushuka. Wasiojua hudhani kushuka ni mapumziko. Breki za mpira zikishikwa mfululizo hupata moto na rimu nayo huwaka, na ukishika ya mbele peke yake kwa ghafla utaruka juu ya usukani. Tulifundishana kushika zote mbili, kuachia, kushika tena, na kusimama kila kilomita mbili tatu ili zipoe. Malori ya mboga hushuka barabara ileile, na dereva wake hawezi kusimama kwa ajili yako. Mamkubwa alitangulia, na kwenye kila kona alileta tasbihi kwa sauti yake nzito, isiyochelewa safari hii. Tuliitika mmoja mmoja hadi wa mwisho. Tulikuwa tukihesabu.

Kwenye daraja dogo tulisimama. Tulikuwa tumebakisha mahamri, kopo la halua na leso mpya, jozi nzima, ambayo Mamkubwa alikuwa ameileta kwa matumizi yake. Tuliulizia nyumba ya mama wa ndizi, tukaonyeshwa, tukamkuta yule mtoto wa chai peke yake akilinda kuku. Mama yake, alisema, aliondoka usiku na lori la kabichi kwenda Mombasa, sokoni Kongowea, na atarudi akishauza.

Mamkubwa alicheka hadi akakaa kizingitini. Tukamwachia mtoto mzigo wote, na namba ya simu kwenye karatasi.

Alhamisi ya wiki ileile, kabla ya mapambazuko, Mamkubwa alimwamsha mwanawe ampeleke Kongowea. Alizunguka kwenye malori ya Taita moja baada ya jingine akiulizia mama mrefu mwenye sauti ya upole aliyemlisha mtu ndizi njiani. Hakumpata. Alirudi nyumbani na kabichi nane, akatugawia mbili mbili kila familia, na simu yake siku hizi huiweka mezani, uso juu, hata wakati wa chakula.